Tikiti Ndani ya Tangi

Likizo ya kiangazi ilipoanza, Golnar alikwenda na mama yake kila asubuhi kwenye ghala la mazulia la Haji Moeini, nje kidogo ya mji wa Kashan. Kazi yake ilikuwa kupeleka chai. Alipita na sinia katikati ya vilima vya mazulia, akaweka gilasi na kipande cha sukari mbele ya kila mwanamke aliyeketi chini akifunga matamvua. Nje, jua lilichoma hata kuta za udongo. Ndani palikuwa na upepo wa baridi wenye harufu ya mbao iliyoloa.

Upepo huo ulitoka juu ya paa. Mashine kubwa zilivuta hewa kavu ya jangwani, zikaipitisha kwenye mapazia ya nyuzi za mbao yaliyokuwa yakichuruzika maji, kisha zikaisukuma ghalani ikiwa imepoa. Zote zilinywa maji kutoka tangi moja. Mtunzaji wa tangi na mashine hizo alikuwa Ami Safdar, baba yake Nahal, rafiki wa Golnar. Aliyakosha mapazia yale kama mtu anayemkosha mtoto.

"Panda juu utakavyo, mwanangu," alikuwa akimwambia Golnar, "ila tangi usiliguse. Unaliona boya hili? Likishuka, maji yanaingia. Likipanda, maji yanajifunga. Ukilichezea, utatukausha sote tuwe zabibu."

Siku moja Golnar alileta tikiti kwa chakula cha mchana. Friji ya ghalani ilikuwa ndogo na imejaa vyombo vya wafanyakazi, kwa hiyo tikiti lilikaa dirishani hadi likapata moto.

Nahal alionja kipande akakunja uso. "Hili tikiti au supu? Leteni vijiko!"

"Tieni na kitunguu kabisa," akadakia Bibi Kokab, mfanyakazi mkongwe kuliko wote. Ghala zima likacheka.

Golnar alicheka pia, lakini masikio yalimwaka. Kesho yake akaja na tikiti jingine amelifunga kwenye shuka. Ami Safdar alikuwa amekwenda sokoni kutafuta nyuzi mpya za mbao. Golnar akapanda ngazi, akafunua tangi, akalitia tikiti majini. Leo watakula tikiti la baridi hadi meno yawaume! Lakini tangi lilikuwa jembamba na tikiti halikutaka kutulia. Akalikandamiza kwa mikono miwili mpaka likakwama kati ya ukuta wa tangi na mkono wa boya. Akafunika, akashuka, akaendelea na chai yake.

Kabla ya adhuhuri wanawake walianza kujipepea.

"Nani kafunga madirisha?" aliuliza mama yake Golnar, Tahere, kwa sauti. Mashine za maji zikikosa pa kutolea hewa, chumba hugeuka hamamu la mvuke, na kila mtu Kashan analijua hilo. Lakini madirisha yote yalikuwa wazi. Upepo bado ulivuma, ila sasa ulikuwa wa moto, mkavu, wenye vumbi. Sufu ikaanza kunuka kama kondoo.

"Naona giza," alisema Bibi Kokab. Akaweka sindano yake chini taratibu, kisha akaanguka ubavu juu ya zulia.

Wanawake wakamkimbilia. Mmoja alimlowesha uso, mwingine akaja na bakuli la mtindi uliotiwa maji, chumvi na nanaa. Golnar, sinia mkononi, akalikumbuka tikiti. Akalitua sinia, akatoka mbio.

Juu ya paa, mapazia yalikuwa makavu kama manyasi ya zamani. Pampu zilikoroma katika tangi tupu. Tikiti lilikuwa palepale, limeinua boya juu kana kwamba maji yamejaa. Alilivuta hadi kucha zikamuuma. Boya likaanguka, maji yakaruka kwa kishindo. Golnar akatazama huku na huku, akalificha tikiti nyuma ya turubai lililokunjwa pale paani.

Aliposhuka, upepo ulikuwa umeanza kupoa. Bibi Kokab alikuwa ameketi, akinywa kidogo kidogo.

"Mikono yako imeloa," mama yake alisema. "Golnar! Ni wewe uliyerekebisha?"

"Boya… lilikuwa limekwama."

Neno hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilimchoma. Wanawake walipiga vigelegele. Haji Moeini alipoingia, wote walimsimulia kwa pamoja. Ndipo Ami Safdar akatokea mlangoni, mzigo wa nyuzi za mbao begani, Nahal nyuma yake.

"Safdar!" Haji alifoka. "Mtoto kaona ambacho wewe hukukiona! Mwanamke wa watu nusura afe hapa!"

"Haji, asubuhi nililijaribu boya kwa mkono wangu huu."

"Basi mkono wako umezeeka. Kesho usije."

Ami Safdar aliuweka mzigo chini. "Bibi Kokab, nisamehe," alisema, akaondoka bila kumtazama mtu. Nahal aliuokota mfuko wa vifaa vya baba yake. Alipompita Golnar, alimnong'oneza, "Ahsante. Bila wewe, baba angebeba lawama ya roho ya mtu."

Golnar alitamani zulia lililo karibu lijikunje naye ndani.

Jioni, kwenye foleni ya mkate, mama yake hakuweza kujizuia. Alimsimulia wa mbele na wa nyuma. Mwoka mikate akampa Golnar mkate wa moto wenye ufuta. "Wa bure huo, fundi mdogo!" Golnar aliumega kipande kimoja, uliobaki akampa mama yake.

Asubuhi Haji Moeini aliwakusanya wafanyakazi. Mkononi alishika mkoba mpya wa shule. "Golnar, njoo katikati. Semeni mashallah!"

"Mashallah!" walijibu. "Nikufie, mwanangu," akaongeza Bibi Kokab, akimshika shavu.

Golnar aliificha mikono nyuma. "Haji, sikurekebisha. Mimi ndiye niliyeharibu. Nilitia tikiti ndani ya tangi, likakwama kwenye boya."

Haji akacheka. "Mnamwona? Anamtetea baba wa rafiki yake. Mtoto ana moyo wa dhahabu huyu! Shika mkoba wako."

Golnar hakulitarajia hilo. Alikuwa ametafuta ujasiri alfajiri nzima, na sasa uongo wake ulikuwa umemzidi nguvu: hata akiukana, watu walimpa sifa nyingine. Aligeuka akakimbilia ngazi. Alirudi amelikumbatia tikiti, akalitua miguuni pa Haji. Kwenye ganda lake palikuwa na mfuo mrefu, mahali mkono wa chuma wa boya ulipolikandamiza.

Hakuna aliyecheka tena. Mama yake aliuvuta ushungi hadi ukamfunika nusu ya uso. "Jana foleni nzima ya mkate…" alisema, lakini hakumaliza.

Haji aliutua mkoba juu ya zulia. Naye alikuwa amebadilika rangi. "Twende kwa Safdar," alisema.

Ami Safdar aliwafungulia mlango wa uani. Nahal alisimama nyuma yake. Golnar alieleza yote, tangu supu ya tikiti hadi turubai, macho yake ardhini.

"Kwa nini hukuniomba?" Ami Safdar aliuliza. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ningekupa ndoo ya maji, tikiti lingepoa kivulini."

"Niliona aibu, ami. Na baadaye aibu ikawa kubwa zaidi."

Haji alikohoa. "Basi Safdar, yamekwisha. Njoo kazini."

"Hapana, Haji. Ulinifukuza mbele ya wanawake wote. Hutanirudisha kimyakimya hapa uchochoroni."

Haji Moeini aliinamisha kichwa kukubali. Mchana huo alisimama kati ya mazulia yake, kofia mkononi, akasema wote wakisikia, "Nilimhukumu Safdar bila kuuliza. Mkono wake haukuzeeka. Mdomo wangu ndio uliokosa adabu." Ami Safdar aliitikia kwa kichwa, akapanda paani kuzitazama mashine zake.

Jioni Tahere alimrudisha binti yake kwenye foleni ya mkate. "Sema wewe mwenyewe," alimwambia. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Golnar akasema, mbele ya majirani walewale.

Kiangazi kilichobaki alikosha mapazia pamoja na Ami Safdar, akikwangua chumvi ya maji ya kisima mpaka vidole vikachubuka. Nahal hakumsemesha kwa siku nyingi. Kisha asubuhi moja alikuja na brashi ya pili, akachutama upande wa pili wa pazia. "Unakwangua kama paka," alisema. Golnar alishukuru kutukanwa.

Siku hiyohiyo Bibi Kokab alimwita akae karibu naye, amshikie uzi.

"Bado unainamisha kichwa ukinipita," alisema. "Mimi nilikusamehe siku ileile. Joto liliniangusha, nikainuka kwa bakuli la mtindi. Lakini Safdar aliangushwa na sifa ulizozipokea wewe, na hapakuwa na dawa ya kumwinua ila ulimi wako. Kila mtu hukosea, mwanangu. Ukikosea, sema mapema, kabla watu hawajaanza kukupigia makofi. Makofi yakishaanza, ulimi huwa mzito, na mzigo wako hubebwa na mtu asiye na hatia. Wewe uliunyanyua ulimi wako ulipokuwa mzito hivyo. Kwa hilo, inua kichwa."