Mtahini na Dereva wa Lori

Walikutana asubuhi kwenye uwanja wa majaribio ya udereva, watu wamejaa, honi zinapokezana. Mwanamke alikuwa mtahini, sketi ya kijivu, kalamu nyuma ya sikio. Mwanamume alikuwa dereva wa lori, shati limepigwa pasi likanyooka, amekuja kupandisha daraja la leseni.

"Umefeli," mtahini alimwambia. "Umerudi nyuma bila kutazama kioo. Angekuwepo mtoto, ungemuua."

Dereva alirudi baada ya mwezi, akafaulu, akaomba namba ya simu.

"Na kuipata namba nako kuna mtihani?" dereva alimtania.

"Upo. Wengi hufeli."

Wakapendana miezi minane, simu hazipoi. Kisha mdogo wake dereva akaja kutahiniwa. Alipita taa nyekundu kwa kasi, mtahini akakanyaga breki ya upande wake na kumfelisha.

"Shemeji, kaka alisema utanipitisha."

"Shuka garini."

Kijana alishuka, akafungua buti, akatoa spana ya magurudumu. Pigo la kwanza lilivunja kioo. La pili lilivunja mkono wa mtahini. La tatu lilimpasua juu ya jicho, damu ikatapakaa kwenye fomu. Watu walipofika, kijana alikuwa ameshatimua mbio.

Mtahini akiwa amelazwa hospitalini, dereva alimpigia simu mara kumi na saba. Mtahini alipokea ya mwisho.

"Ulimwahidi nini?"

"Mpenzi, sikumwahidi..."

Mtahini akakata simu.

Siku ya tatu dereva aliingia wodini, mdomo umevimba, meno mawili hayapo.

"Mdogo wangu alikuwa amejificha kwa mama," alisema. "Nimemburura hadi polisi. Alinipiga, nikampiga, mpaka mlango wa mama ukang'oka. Nimeandika maelezo. Nitatoa ushahidi."

"Mama anasemaje?"

"Anasema nisikanyage kwake tena."

"Na ile ahadi?"

"Nilimwambia akafanye mazoezi, wewe hupitishi mtu bure. Akasikia alichotaka. Ila nilijua hasira zake, nikanyamaza, sikukuonya. Hilo kosa ni langu."

Mtahini alimtazama kwa jicho moja lililofunguka. Alitaka kumfukuza, na maneno alikuwa nayo. Badala yake akasogeza miguu, akampa nafasi kitandani.

"Kaa. Sasa unakula wapi?"

"Popote."

"Plasta ya mkono ikitolewa, twende tukaandikishe ndoa."

Dereva alijaribu kucheka, kidonda cha mdomo kikafunguka. Akaficha uso kwenye shuka, akalia.