Bunduki ya Walt

Kila asubuhi Janelle Kessler humtengenezea binti yake Brynn mkate wa siagi ya karanga, humchana nywele, kisha humsindikiza hadi basi la shule linaposimama. Asubuhi hiyo Brynn, mtoto wa miaka minane, aligoma mlangoni.

"Mama, leo tuna zoezi la kujificha, la siku mtu mbaya akija shuleni na bunduki. Mwalimu anazima taa, tunakaa kimya pembeni. Sasa nikipiga chafya je?"

Janelle alimkumbatia tu.

Wiki mbili nyuma, katika mji wa jirani, mvulana wa miaka kumi na tano aliingia shuleni na bastola ya babu yake. Aliua wanafunzi wawili na mwalimu mmoja. Bastola aliichukua kwenye droo isiyo na kufuli.

Mji wa Janelle, huko kwenye vilima vya Pennsylvania, ulilia pamoja. Watu waliwasha mishumaa kwenye uwanja wa mpira na kushikana mikono. Machozi hayajakauka, wakaanza kugombana juu ya sheria za bunduki. Huu ni mji wa wawindaji. Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu hata shule hufungwa.

Kwenye mkutano wa bodi ya shule, Janelle alisimama. "Mnangoja nini? Tunataka sheria kali! Mpaka wafe wa kwetu?"

Aliyemjibu alikuwa Roxanne Dubicki, jirani yake na rafiki yake tangu utotoni. Roxanne huwafundisha wawindaji wapya usalama wa bunduki.

"Familia yangu inakula nyama ya kulungu mwaka mzima," alisema. "Msiniadhibu mimi kwa kosa la mtu mwingine."

Wengine walipiga makofi, wengine wakazomea. Tangu siku hiyo marafiki hawa walipishana uani kama hawajuani. Ukaidi wao wote wawili ulikuwa wa kutosha kujaza gari.

Kisha Tessa, binti wa Roxanne, akamwalika Brynn kulala kwao siku yake ya kuzaliwa. Janelle hakupata raha. Nyumba ile ilikuwa na bunduki sita.

"Kamuulize anaziweka wapi," alisema Todd, mumewe.

"Nimuulizeje? Ataona namtukana."

"Akikasirika atapoa. Sisi Brynn tunaye mmoja tu."

Janelle akavuka ua, akabisha hodi. Roxanne alifungua mlango, mikono imejaa unga.

"Roxanne, samahani. Kabla Brynn hajaja kulala, nataka kujua. Bunduki zenu zimefungiwa?"

Roxanne akapangusa mikono. "Kumbe mdomo bado unao," alisema. "Ingia."

Alimpeleka kwenye kabati zito la chuma. "Bunduki zimo humu, hazina risasi. Risasi ziko kwenye sanduku jingine, nalo lina kufuli. Namba za kufungulia tunazijua mimi na mume wangu tu. Tessa hazijui. Na hukunitukana, shoga. Kila mzazi aulize hivyo, kama anavyouliza kuhusu mbwa mkali."

Janelle akashusha pumzi. "Ahsante."

"Haya, zamu yangu. Bunduki ya baba yako iko wapi?"

"Sisi hatuna bunduki."

"Janelle! Mzee Walt alinifundisha kulenga kwa bunduki ile ile. Alipofariki ilikwenda wapi?"

Kwa Janelle ile haikuwa bunduki. Ilikuwa kitu cha baba, kama kofia yake na miwani yake. Aliiweka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye kabati la makoti ya baridi, na hakuitazama tena.

Walikwenda wote wawili. Bunduki ilikuwa imesimama nyuma ya makoti. Roxanne aliishika akiielekeza sakafuni, kidole mbali na kifyatulio. "Daima hesabu kwamba ina risasi," alisema, "hata ukiapiwa kwamba haina." Akavuta komeo la bunduki kuifungua.

Risasi ikaruka, ikaanguka sakafuni.

"Mungu wangu," Janelle alinong'ona.

Brynn alikuwa ameshuka ngazi. "Hiyo ni ya babu," alisema. "Mimi na Tessa tukicheza zoezi la kujificha, tunaingia humo kabatini. Anayekaa mbele anaishika hiyo, ili mtu mbaya akija tumpige."

Roxanne alikaa chini pale pale mbele ya kabati. Mtoto wake alikuwa amecheza na kifo, tena katika nyumba ya mtu anayepinga bunduki. Janelle alilia bila kujificha. Roxanne naye akalia, akamvuta shoga yake karibu.

Siku ile ile bunduki ya Walt ilihamia kwenye kabati la chuma la Roxanne. Watoto waliketishwa wakaelezwa: ukiona bunduki usiiguse, ondoka hapo, mwite mtu mzima. "Lakini wao ni watoto, watasahau," Roxanne alimwambia Janelle. "Kufuli ni kazi yetu sisi wakubwa."

Mkutano uliofuata wa bodi, waliingia pamoja. Roxanne alibeba boksi la kufuli za waya za kufungia bunduki, zile ambazo ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, huzigawa bure. Watu wakaguna.

"Mimi bado nataka sheria kali," Janelle alianza.

"Na mimi bado nitampinga," alisema Roxanne. Wachache wakacheka.

Janelle akaendelea. "Nilisimama hapa nikawanyooshea vidole. Wakati huo huo, nyumbani kwangu kulikuwa na bunduki yenye risasi, na binti yangu akiichezea. Sikujua. Naomba kila mmoja wenu akaangalie kwake leo, hata kama ana hakika."

Mzee mmoja, yule aliyempigia Roxanne makofi kwa nguvu kuliko wote mara ya kwanza, aliinuka kwa shida kutoka kiti cha nyuma. Alikwenda hadi kwenye boksi, akavua kofia.

"Ninazo nne," alisema. "Na wajukuu wanakuja Jumapili. Nipe nne."