Kadi Juu ya Glasi

"Mbona wewe huletewi?" Benedita aliuliza.

Mhudumu wa baa alikuwa amepita tena. Aliondoa glasi tupu ya Benedita bila kuuliza, akatua nyingine iliyojaa, akachora mstari wa penseli kwenye kadi ngumu ya duara iliyokuwa chini yake, kisha akaenda zake na aproni yake ya bluu kama ofisa aliyetumwa na serikali. Mbele ya Duarte hakuweka kitu.

"Amenisahau," Duarte alisema, akiendelea kukata soseji yake.

Benedita aliona ni ajabu, kwa kuwa mhudumu yule hakuonekana mtu wa kusahau hata dhambi za wenzake. Hata hivyo siku ilikuwa imekwenda vizuri mno kuharibiwa na bia. Asubuhi waliacha mabegi yao ya mgongoni hosteli walikolala, wakapanda ngazi za mnara wa kanisa kuu la mji wa Köln mpaka miguu ikatetemeka. Walikula viazi vilivyokunwa na kukaangwa, vikiwa na rojo la tufaha, wakiwa wamesimama uwanjani, kisha, kabla ya adhuhuri, wakateremka kutembea kando ya mto Rhine. Pale ndipo alipoketi kwenye benchi na kumsomea Duarte ujumbe aliokuwa ameuandika kwenye simu lakini hajautuma.

Jumba moja la makumbusho la Ghent, nchini Ubelgiji, lilikuwa limempa kazi ya kukarabati michoro ya kale. Ilikuwa kazi ya miaka miwili, aliyoiota tangu akiwa mwanafunzi. Jibu lilitakiwa leo, kabla ofisi haijafungwa jioni. Ujumbe ule ulikuwa wa kukataa. Alikuwa anaikataa kazi kwa ajili ya Duarte, ili warudi Coimbra, kwao Ureno, wahamie nyumba moja, waanze maisha.

Duarte alimsikiliza mpaka mwisho kwa uso wa mtu anayesikiliza mahubiri yanayomfaa.

"Uamuzi ni wako, mpenzi," alisema. "Mimi naona tu kwamba mapenzi ya mbali huleta hila."

Benedita aliyapenda maneno hayo. Kosa lake lilikuwa hilo, na hakuwa wa kwanza kulifanya.

Safari yao ilikuwa na sharti moja, nalo alilitunga yeye: wasilale katika mji wowote ambao mmoja wao aliwahi kuukanyaga. Alitaka kila kumbukumbu iwe mali yao wawili. Kwa sharti hilo waliiruka Paris, ambako yeye alipelekwa na shule, wakairuka na Roma, ambako Duarte aliimba kwaya utotoni. Köln ilipotajwa, Duarte alidai kuna mvua, kisha akadai treni huchelewa, kisha akakubali. Kwamba aliwahi kufika hakudai.

Mhudumu alirudi. Glasi ya Benedita ilikuwa bado na funda moja, naye tayari ameshika nyingine.

"Samahani," Benedita alimwambia kwa Kiingereza. "Mwenzangu mbona humletei?"

Mzee yule alimtazama kama mwalimu aliyeulizwa somo la mwaka jana.

"Kwa sababu mwenzio ana adabu. Ameweka kadi juu ya glasi. Hapa kwetu, kadi ikiwa chini una kiu, ikiwa juu, basi. Wageni hawajui, nasi hatuwaambii. Tunawajazia mpaka waanze kuimba. Huyu wako amefundishwa."

"Na nani?"

"Hilo, binti, silo langu. Mimi naleta bia."

Akaenda na bia yake. Benedita alitazama upande wa pili wa meza. Glasi ya Duarte ilikuwa imevikwa kadi yake sawasawa, kama kofia ya ibada. Hakumwona akiiweka. Alipoutazama uso wake akagundua kwamba hata yeye mwenyewe hakujiona.

"Nilisoma kwenye simu," Duarte alisema kabla hajaulizwa.

"Simu yako imezimika tangu asubuhi. Picha zote umepiga kwa yangu."

"Basi nilisoma jana."

"Jana ulimuuliza msichana wa hosteli watu wa hapa wanakunywa nini. Akakueleza, ukashangaa. Nilikuwepo uliposhangaa."

"Dita, kadi ya karatasi unaigeuza kesi ya mauaji."

Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliomwashia Benedita hasira ya kwanza, kwa kuwa aliujua. Ni upole aliotumia mchana, Benedita alipotaka wavuke lile daraja ambako wapenzi hufunga kufuli kama kiapo. Duarte alikataa, akasema goti linamuuma. Mtu aliyetoka kupanda mnara mzima bila kulalamika aliumwa goti mbele ya daraja lililonyooka.

Goti. Mwezi Machi pia kulikuwa na goti. Bibi yake Benedita alipofariki, Duarte hakuja mazikoni. Alipiga simu akisema yuko mji wa Viseu, baba yake anapasuliwa goti, hawezi kumwacha. Magoti ya ukoo huo yalikuwa na desturi ya kuuma panapohitajika.

Benedita alichukua simu, akamwandikia Graça, dada yake Duarte:

"Graça, samahani kwa swali la ghafla. Mwezi Machi baba alipasuliwa goti hospitali gani?"

Duarte aliuliza anamwandikia nani. Simu ikatikisika mezani.

"Baba yupi? Huyu wetu yuko juu ya paa anabadilisha vigae, tumemwambia ashuke amekataa. Hajawahi kupasuliwa hata jipu. Duarte amesema nini tena?"

Lililomchoma zaidi ni lile neno la mwisho. Aliigeuza simu, akaisukuma mpaka kwenye sahani ya Duarte. Duarte alisoma kwa muda ambao ungetosha kusoma sheria ya ardhi.

"Graça ana mdomo," alisema hatimaye.

"Graça ana baba mzima. Mwezi Machi ulikuwa hapa?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Duarte ilikuwa imetoka Coimbra mpaka Ujerumani, ikaishia juu ya glasi.

"Wikiendi moja tu," alisema.

"Na nani?"

"Halikuwa jambo lenye maana, Dita."

"Maana sikuulizi. Nakuuliza jina."

"Salomé."

Salomé alifanya kazi ofisi moja na Duarte. Krismasi alikula mezani kwa Benedita, akasifu mchuzi wake wa chewa, akaomba aandikiwe namna ya kuupika. Sauti ya Benedita ilishuka badala ya kupanda.

"Ni yule aliyeniletea ujumbe wa rambirambi?"

"Ndiyo."

"Aliuandika akiwa wapi?"

Duarte aliuchezea uma.

"Nimeuliza, alikuwa wapi?"

"Hotelini."

"Na wewe ulikuwa upande gani wa kitanda?"

"Tafadhali. Watu wanatutazama."

"Hawajui Kireno."

"Sauti wanaijua."

"Basi waisikie. Bibi yangu nilimzika nimeshikwa mkono na jirani, Duarte. Mwanamke wa duka la mikate. Ulinipigia jioni ile ukanieleza jinsi baba yako anavyolia kwa maumivu, nami nikakupa pole. Nikiwa na udongo wa kaburi kwenye viatu, nilikupa pole wewe."

Duarte alijitetea kama wanavyojitetea wote, kwa mpangilio uleule unaojulikana. Alisema alikuwa na upweke. Alisema Benedita wakati ule alikuwa na huzuni nyingi, hakukaribika. Alisema mambo yale yalikwisha kabla ya Pasaka. Kila sababu iliyomtoka ilikuwa mbaya kuliko kosa lenyewe, naye alizidi kuzitoa.

"Na darajani?" Benedita alimkatiza.

"Darajani nini?"

"Goti lako, Duarte. Linaogopa nini pale?"

"Tuliacha kufuli. Yeye ndiye aliyetaka."

"Lina majina?"

"Herufi tu."

"Umejitahidi kuwa na kiasi."

Sasa Duarte alinyoosha mkono juu ya meza. Benedita aliuondoa wake, bila haraka, kama mtu anayeondoa kitu kwenye maji machafu.

"Nilikuwa nitakwambia," alisema Duarte. "Naapa. Nilisubiri wakati mzuri."

"Wakati ulikuwa asubuhi, nilipokusomea ule ujumbe. Ulinitazama nikiitupa kazi yangu kwa ajili yako, ukaniambia mapenzi ya mbali huleta hila. Nikadhani unanionya. Kumbe ulikuwa unatoa ushahidi."

"Usiamue ukiwa na hasira, mpenzi."

"Asubuhi niliamua nikiwa na furaha. Umeona furaha ilivyotaka kunifanya."

Akaichukua simu kutoka kwenye sahani, akaipangusa rojo kwa kitambaa cha meza. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba Ghent wangali ofisini. Aliufungua ule ujumbe aliouandika kwa adabu na shukrani nyingi, akaufuta wote. Duarte alikuwa akiyatazama maneno yakitoweka, kwake yakiwa kichwa chini.

"Dita, ngoja. Twende sasa hivi darajani. Nitalitafuta lile kufuli nilikate, uone mwenyewe."

"Kalitafute. Yako maelfu. Ni vizuri sote wawili tuwe na kazi."

Akaandika:

"Nimeikubali nafasi. Nikihitajika mapema kuliko tulivyozungumza, nipo tayari."

Akatuma. Halafu akamwandikia Graça kwamba amshikie mzee ngazi, maana magoti mazima ni machache katika familia. Hakutabasamu alipoandika.

Duarte alikuwa analia sasa. Huenda alilia kweli. Benedita hakuwa tena na wajibu wa kupambanua. Alimweleza kwa utulivu kwamba anakwenda hosteli kuchukua begi lake, kwamba treni za Ubelgiji huondoka jioni pia, kwamba atamwomba mama yake avitoe vitu vyake nyumbani kwa Duarte, Coimbra, na kwamba Duarte asimfuate mpaka hosteli kwa sababu ana goti.

Mhudumu alijitokeza tena pembeni ya meza, sinia mkononi. Alimtazama kijana anayelia, akamtazama binti, akaona hayamhusu. Akanyoosha mkono wenye glasi iliyojaa.

Benedita alimalizia funda lililobaki. Aliitua glasi, akaitoa kadi chini yake, akaiweka juu na kuikandamiza kwa kidole mpaka ikakaa sawa.

Mzee aliirudisha bia kwenye sinia.

"Umejua haraka, binti."

"Nimefundishwa," Benedita alisema, akanyanyuka.