Mahindi Aliyomchagulia

Soko la nafaka lilikuwa limefurika mchana ule, na vumbi la pumba lilitanda mpaka kwenye kope za watu. Katikati ya magunia alikuwa amesimama binti wa maabara, mwenye gauni la buluu lililofifia na viatu vilivyolika kisigino upande mmoja. Mkononi alishika bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutolea nafaka ya ndani. Alikuwa akichoma tangu asubuhi, na kila gunia lilikuwa na mwenyewe wa kumlaumu. Pale sokoni walikwisha kumpa jina, Bi Bambo.

"Dada, gunia langu halina jipu," mchuuzi mmoja alimwambia. "Mbona unalitumbua?"

Watu wakacheka. Naye akatabasamu kwa mdomo tu, maana nyayo zilikuwa zinawaka moto.

Kijana mmoja mrefu, mwenye nyusi nyeupe kwa unga, alikuwa amekuja kununua mahindi. Alikuwa na kinu cha kusaga chakula cha mifugo, na watu walimwita Vumbi. Aligeuza debe tupu, akalifuta kwa kofia yake, akalisogeza nyuma ya binti yule.

"Ahsante, kaka," binti alisema akikaa. "Hata hujui ninachotafuta."

"Najua. Unatafuta pa kukaa."

Ndivyo walivyoanza. Haukupita muda, simu ya Bi Bambo ikawa inaita kila siku mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula chai."

"Chai siku hizi inaliwa?"

"Njoo basi unipikie."

"Mimi najua kuwapikia kuku na ng'ombe tu."

"Nilivyochoka leo, hata pumba nitakula."

Na kweli alikuwa amechoka. Alikuwa akichunguza sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Ng'ombe akiila, huingia kwenye maziwa, na maziwa huishia kwenye kikombe cha mtoto. Kinu cha Vumbi kilikuwa miongoni mwa vinu alivyovipima. Kanuni ya kazi ilikuwa kwamba achote mwenyewe, juu, katikati na chini ya gunia, kwa sababu sumu huweza kujificha kwenye konzi moja ya punje na gunia zima likaonekana zuri. Haya hakuwahi kumweleza Vumbi. Kwenye simu walikuwa na mengine matamu zaidi ya kusema.

Kisha mama yake akalazwa. Binti akawa mtu wa wodini na maabarani, analala kwenye kiti. Vumbi alipeleka supu kila alipopata nafasi, akampepea mama kwa kipande cha boksi mpaka alale.

"Kesho ilikuwa nije kinuni kuchota," Bi Bambo alimwambia.

"Kaa na mama. Nitakuletea mwenyewe."

Alijua haifai. Lakini mtu aliyechoka akibebewa mzigo, haulizi unabebwaje.

"Haya, niletee mahindi kidogo," akasema.

Vumbi alileta mfuko wa mahindi yanayong'aa kama meno ya mtoto. Yakapimwa, yakaonekana salama. Kinu kikaendelea kunguruma.

Baadaye yakapimwa maziwa ya wafugaji waliokuwa wakinunua kwake, yakakutwa na sumu. Mkuu wa maabara, mama mtu mzima asiyepandisha sauti, alimwita.

"Mahindi ya kinu hiki aliyachota nani?"

"Mwenye kinu."

"Na wewe?"

Mkuu akamsogezea kikombe chake mwenyewe cha chai. "Kunywa kwanza. Kisha kairekebishe kazi hii."

Alimpigia Vumbi akiwa kwenye ngazi.

"Yale mahindi uliyachagua?"

"Niliyachagua, ndiyo. Jioni nzima, punje kwa punje. Ningekupa wewe mahindi mabovu?"

"Umenidanganya ili usifungiwe kinu. Kuna watoto wanakunywa hayo maziwa."

"Watoto gani? Sikiliza, mpenzi..."

Akakata. Vumbi akapiga tena na tena, hadi kule wodini simu ikamchosha hata mama mgonjwa.

"Si yule kijana wa supu?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Ndiye. Amenihadaa kwenye kazi, mama." Akamsimulia yote.

"Mimi niliyekuzaa, mpaka leo sijui magunia ya watu unayatobolea nini. Yeye ulimwambia?"

Bi Bambo alitazama mikono yake. Kisha akachukua bambo akaenda.

Kinu kilikuwa kimya. Mlangoni mikokoteni ilikuwa inapakuliwa magunia ya chakula cha mifugo yaliyorudishwa, na wafugaji wananung'unika. Vumbi aliyapokea moja moja, macho mekundu.

"Nani kakuambia uyarudishe?"

"Wewe. Ulisema kuna watoto."

"Nilikuambia uniletee mahindi. Sikukuambia ulete na mabaya yake."

"Nami sikuuliza. Nilitaka uone mahindi yangu ni mazuri."

"Nisamehe."

"Nawe nisamehe. Sasa nifundishe."

Binti alichoma bambo juu, katikati na chini ya kila gunia. Vumbi alimshikia mfuko wazi.

"Nisichague?"

"Hata punje moja."

Majibu aliyaleta mwenyewe, hakutaka Vumbi ayasikie kwenye simu. Mahindi yote ya ghala la kinu yalikuwa na sumu. Vumbi alitikisa kichwa polepole. Nyuma ya kinu alikuwa amekwisha kuanza kuchimba shimo la kuyafukia, kana kwamba alijua.

"Wateja watarudi?" aliuliza.

"Wengine watarudi. Wengine hawatarudi."

"Nilitaka nije kwenu kukuposa kinu kikinguruma, nimevaa shati jipya. Sasa nitakuja na nini?"

"Uliyarudisha magunia kabla hujalazimishwa. Njoo na hilo. Mama anatoka hospitali, atakusikia vizuri."

Vumbi alimtazama, nyusi zake zikiwa safi kwa mara ya kwanza. "Nije lini?"

"Tukimaliza hapa, uoge, ulale. Ukiamka, uje."

Binti akavua viatu, akashika sepetu la pili.