Gurudumu Moja Kwenye Nguzo

Dobi na mkewe waligawana kazi vizuri. Dobi alifua na kupiga pasi. Mkewe alikunja nguo na kuzifunga mafurushi. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zao wawili. Kila furushi alilifunga kwa kitambaa cha rangi yake, ili shati la mwalimu lisiende kwa kinyozi.

Furushi kubwa kuliko yote lilikuwa la wodi ya wazazi. Lilikuwa na sare za wauguzi na mashuka ya watoto wachanga. Lilitakiwa kufika hospitali kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Dobi hakuwahi kuchelewa, kwa sababu alikuwa na baiskeli.

Ilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria pana nyuma. Kengele yake ilikufa zamani, kwa hiyo penye watu Dobi alipiga mluzi.

"Baba Pacha, hiyo baiskeli unaipenda kuliko mimi," mkewe alimtania.

"Wewe hubebi mashuka arobaini," Dobi alijibu, akakanyaga pedali upesi kabla hajarushiwa kibanio cha nguo.

Jumanne moja, baada ya kutoka hospitali, Dobi alipeleka nguo kwenye jengo la ghorofa nne. Nyuma ya jengo kulikuwa na uchochoro wenye kivuli. Watu hawakupita sana pale. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya taa. Akapitisha mnyororo mwembamba kwenye gurudumu la mbele, akaufunga kwa kufuli. Akapanda ngazi.

Mteja wake alikuwa mtu wa maneno mengi. Alitaka kueleza jinsi kola ya shati ilivyomkwaruza shingo. Dobi alisikiliza, akaomba radhi, akaahidi kupunguza wanga. Kisha akashuka.

Mnyororo ulikuwepo kwenye nguzo. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Gurudumu la mbele nalo lilikuwepo, limesimama peke yake. Baiskeli haikuwepo.

Dobi alikimbia hadi duka la kona.

"Hujaona mtu na baiskeli nyeusi?"

"Nimemwona," muuza duka alisema. "Alikuwa ameibeba begani. Haikuwa na gurudumu la mbele. Nikajua anaipeleka kwa fundi."

Mwizi alikuwa na spana. Alifungua nati mbili tu, akaondoka zake mchana kweupe.

Dobi alirudi nyumbani kwa miguu, gurudumu mkononi. Mpita njia mmoja alicheka: "Mzee, ile nyingine umeiacha wapi?" Dobi aliongeza mwendo. Macho yalimwuma.

Mama Pacha aliliona gurudumu kabla hajaona uso wa mumewe. Akavuta kiti.

"Kaa kwanza. Umeumia?"

"Sijaumia. Wameichukua, Mama Pacha. Wameichukua yote."

"Wewe umerudi mzima. Nashukuru kwa hilo. Sasa vaa viatu vyako vizuri, twende kituo cha polisi."

Kituoni waliwakuta watu wachache tu. Sajenti mmoja, mwanamke mwenye sauti ya upole, alifungua kitabu.

"Poleni sana. Baiskeli ya rangi gani?"

"Nyeusi, afande."

"Namba yake?"

Dobi alimtazama mkewe. "Kwani baiskeli ina namba?"

"Karibu zote zinayo, baba. Imegongwa kwenye chuma cha fremu. Una risiti? Hata picha?"

"Sina. Lakini afande, baiskeli yangu naijua! Nikiiona hata kwa jicho moja nitaijua."

Sajenti hakubishana naye. Aliwapeleka nyuma ya kituo. Kulikuwa na baiskeli zaidi ya thelathini. Nyingine zilianza kushika kutu.

"Hizi zote tumezikamata kwa wezi," alisema. "Kila wiki watu watatu wananionyesha baiskeli moja, kila mtu anasema ni yake. Nimpe nani? Baiskeli zimepatikana, baba. Waliopotea ni wenyewe."

Dobi alizikagua zote. Yake haikuwemo.

Kuanzia siku hiyo walibeba mashuka kwa miguu, Dobi kichwani, Mama Pacha mgongoni. Walitoka mapema, lakini hospitali ilikuwa mbali. Siku ya pili walichelewa. Siku ya nne walichelewa zaidi. Muuguzi mkuu aliwangoja mlangoni.

"Dobi, nakuheshimu," alisema. "Lakini mtoto akizaliwa hatuwezi kumwambia asubiri shuka. Nitavumilia mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo itabidi nitafute dobi mwingine."

Dobi alitamani kukasirika, akashindwa. Yule mama alisema kweli.

Jioni hiyo walikwenda kwa fundi baiskeli wa mtaa wa pili. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Watu walimwita Bi Spoku. Walitaka kumwuliza kama ana baiskeli chakavu ya kuazima. Dobi alimsimulia yote.

Bi Spoku aliacha spana. "Ngoja. Wewe si ndiye niliyekubadilishia ekseli ya pedali mwaka jana? Uliyelala kwenye benchi langu ukakoroma?"

"Ndiye mimi," Dobi alisema kwa aibu.

Bi Spoku alitoa daftari lililojaa alama za vidole. "Siku moja wateja wawili waligombania baiskeli hapa, nusura wanibomolee banda. Tangu siku hiyo, kila baiskeli inayoingia naipindua, naandika namba. Watu wananiona nina wazimu." Alifunua kurasa polepole. Akasimama kwenye moja. "Nyeusi. Keria pana. Mkoromaji. Hii hapa!"

Mama Pacha aliinakili namba ile kwenye karatasi, tarakimu moja baada ya nyingine. Akaisoma tena kwa sauti ili Bi Spoku ahakikishe.

"Dada, sijui nikuambie nini," alisema.

"Niambie kesho mnakwenda kituo cha polisi saa ngapi. Nami nitakuja kushuhudia."

Kesho yake Sajenti aliiandika namba kitabuni, pamoja na maelezo ya Bi Spoku. Wiki iliyofuata alipiga simu. Askari walikuwa wamekagua soko la vitu vilivyotumika, wakarudi na baiskeli kadhaa.

Dobi alifika akihema. Alizunguka ua wote. Akazunguka tena.

"Haipo, afande."

"Umeipita mara mbili," Sajenti alisema.

Alimwonyesha baiskeli ya kijani kibichi, yenye usukani mwingine na gurudumu la mbele la kuungaunga. Sajenti aliipindua, akakwangua rangi kwa sarafu. Tarakimu zikajitokeza. Mama Pacha akashika karatasi yake na kusoma. Zote zililingana mpaka ya mwisho.

Dobi alipiga magoti, akaigusa keria. "Kumbe hata mimi siijui," alisema. Hapo ndipo machozi yakamtoka.

Bandani kwake, Bi Spoku alirudisha gurudumu la asili. Akiwa anakaza nati, aliwaambia, "Sasa leteni ule mnyororo wenu."

Dobi akautoa. Bi Spoku akachukua koleo la kukatia waya, akaukata mara moja, kama uzi.

"Umeona? Huu ulikuwa wa kumfurahisha mwizi. Nunua kufuli nene la chuma, lililopinda kama herufi U, au mnyororo mzito mgumu."

"Nami nilifunga gurudumu," Dobi alisema.

"Gurudumu linafunguliwa. Fremu ndiyo baiskeli yenyewe. Pitisha kufuli kwenye fremu na gurudumu pamoja, kisha kwenye kitu kisichong'oka."

"Kama nguzo?" Mama Pacha aliuliza.

"Nguzo ndefu. Ikiwa fupi, mwizi atainyanyua baiskeli na kufuli lake, aichomoe juu. Tena kufuli likae juu, lisilale chini. Akiliweka kwenye saruji atalipiga nyundo. Lisiwe na nafasi ya kuingiza chuma cha kulivunjia."

"Na mimi nilitafuta kivuli," Dobi alisema.

"Mwizi naye anapenda kivuli, shemeji. Iache penye jua, mbele za watu. Na nyumbani je?"

"Inalala barazani."

"Iingize ndani, na huko nako uifunge. Piga picha wewe ukiwa umeishika, na nyingine ya namba. Mkinunua nyingine, risiti iwekeni pamoja na vyeti vya watoto. Na mtu akikuuzia baiskeli kwa bei ya kushangaza, bila risiti, usinunue. Huenda kuna dobi mwingine anatembea kwa miguu."

Walifanya yote. Picha walipiga siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata mashuka yalifika wodini mapema, hata muuguzi mkuu akatazama saa yake mara mbili. Baadaye Mama Pacha alimwomba Bi Spoku aje uani kwao Jumapili. Majirani walileta baiskeli zao, wakazipindua zote, wakaandika namba. Bibi mmoja aligundua kuwa yake haina risiti wala picha, akapigwa picha ameikumbatia.

Miezi miwili ikapita. Siku moja Dobi alishuka kutoka kwenye jengo la ghorofa, akaona mikwaruzo mipya kwenye kufuli. Mtu alijaribu. Kufuli lilishika. Baiskeli ilikuwa palepale, mbele ya duka la kona, na muuza duka amesimama mlangoni.

"Nilimwuliza, 'Ndugu, ni yako?' Akakimbia," alisema.

Dobi alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Kesho yake yeye na mkewe walikwenda kwa Bi Spoku. Walimwomba ovaroli yake ya kazi. Alicheka, akawapa. Dobi aliiloweka siku mbili, akaisugua kwa brashi. Mama Pacha akashona mfuko uliochanika. Waliirudisha imepigwa pasi, imefungwa kwa kitambaa cheupe.

Bi Spoku alifuta vidole kwanza. Akaifungua, akainusa.

"Miaka kumi na tisa watu wananiletea vitu vibovu," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza kuletewa kitu kizima."