Krimu Iliyokataa Kuharibika

Jua lilikuwa linazama Daktari alipofungua kiwanda chake kidogo, chumba kimoja na bafu, ili akusanye makopo ya krimu akayatupe. Majirani ndio waliomwita hivyo, kwa utani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza krimu za kung'arisha ngozi, na kwa miaka miwili zilimtoa jasho: zikikaa wiki tatu hugeuka kahawia, na zikipakwa huishia juu juu tu. Akahangaika mpaka akapata mchanganyiko wa kuzituliza zisigeuke rangi na kuzipenyeza ndani. Aliyejitolea kujaribiwa alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao.

"Nipake mimi, dada. Kwani wewe utanidhuru?"

Ilipenya. Ikapenya mpaka kwenye figo. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu wamzike.

Mchanganyiko ule nao haukudumu: makopo yote kwenye rafu yalikuwa yamegeuka kahawia, isipokuwa moja. Lile la mdogo wake. Krimu yake ilikuwa nyeupe pe, na juu yake kulikuwa na alama ya kidole... mbichi.

Harufu ya wodi alikofia mdogo wake ikamjaa puani.

Kisha, bafuni, maji yakaanza kutiririka.

"Nani?"

"Usiwashe taa, dada."

Akasogea mpaka mlango wa bafu. Kwenye mwanga hafifu wa dirishani alimwona mdogo wake amechuchumaa mbele ya ndoo, amempa mgongo, anajisugua.

"Imeingia mbali," alinong'ona. "Kila nikiosha haitoki. Nisaidie."

Angeweza kukimbia, mlango ulikuwa wazi. Badala yake alipiga magoti, akashika sabuni, akamsugua mgongo kama alivyomwogesha alipokuwa mtoto. Ngozi ilikuwa ya baridi. Maji yalitoka mazito, meupe kama maziwa...

"Nisamehe, mdogo wangu."

Alisugua huku analia, mpaka mikono yake ikashika hewa tupu.

Nje, mlinzi wa jengo alimsimamisha. "Daktari, mbona mgeni wako hatoki? Aliingia kabla yako. Nilimzuia, akasema yeye ni wa humo humo."

Alimpita, akashika njia ya nyumbani.

Nyumbani alimkuta mama yao ameketi kitandani. "Nimepitiwa na usingizi sasa hivi, nikamwona mdogo wako," alisema. "Ameirudia rangi yake. Anacheka."

Mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu tabasamu likakatika.

"Mwanangu... mikono imekuwaje?"

Akaitazama. Kuanzia vidoleni hadi viwikoni, rangi yote ilikuwa imeondoka. Na ilimwasha, ndani sana, mahali ambapo sabuni haifiki.