Gunia la Chenga za Makaa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kevina alipiga magoti mlangoni pa jiko na kumwamkia nyanya yake. Nyanya Driciru alikuwa ametoka Lurujo, kule Koboko, akaja Arua kumsaidia mama yake Kevina aliyekuwa amejifungua mtoto Soka. Akishaitikia salamu, nyanya alimgusa Kevina kichwani, kisha akampa kikombe cha uji.

Tangu nyanya afike, mambo ya jikoni yalikuwa yamebadilika. Maharage yalilowekwa mapema ili yaive upesi. Sufuria ilifunikwa kila mara. Maji yaliyooshewa mboga hayakumwagwa njiani, bali yalinywesha kunde zilizopandwa katika madumu yaliyokatwa. Na chakula kikiiva, makaa yaliyobaki kwenye sigiri yalitiwa ndani ya debe kuukuu, yakafunikwa mpaka yakazimika, yakangoja kupika tena.

"Chakula iko tayari," nyanya alisema akifunika debe. "Huyu moto amefanya kazi. Acha naye alale."

Baba, Ezati, ambaye aliziba pancha za baiskeli na pikipiki kando ya barabara, alifurahi sana. Zamani gunia la makaa liliisha katikati ya mwezi, nao wakala muhogo wa jana uliopoa. Siku hizi walikula chakula cha moto kila jioni.

Lakini jambo moja Kevina hakulipenda. Nyanya alikwenda sokoni kwa wauza makaa kuzoa chenga, yaani lile vumbi na vipande vidogo vinavyobaki chini magunia yakishamwagwa. Alizichanganya na udongo wa kichuguu na uji mwembamba wa unga wa muhogo, akafinyanga madonge meusi, akayaanika juu ya bati. Yakikauka, yaliwaka polepole na kuivisha maharage mpaka yakawa laini.

Kevina hakumweleza mtu shuleni. Tena alifanya vibaya zaidi. Siku Phiona alipojisifu darasani kwamba kwao wanapikia gesi, Kevina alisema haraka, "Hata sisi."

"Mtungi wenu ni wa rangi gani?" Phiona aliuliza.

"Wa kijani," Kevina alijibu.

Siku moja walipotoka shuleni, Kevina, Phiona na mwenzao Prossy walipita sokoni. Karibu na wauza makaa, mwanamke mzee alikuwa ameinama, kitenge chake kimejaa vumbi jeusi. Aliinua kichwa, akatabasamu kwa furaha.

"Kevina! Mtoto yangu! Kuja shika gunia hapa!"

Phiona alisimama. "Anakuita wewe?"

Kevina alitazama viatu vyake. "Simjui," alisema. "Labda amenifananisha."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini nyanya alisikia. Tabasamu lake lilibaki usoni kidogo, kama mtu aliyesahau kuliondoa. Aliwatazama wale wasichana wengine, akamtazama Kevina, akaelewa.

"Pole, mtoto," alisema polepole. "Macho yangu iko mzee. Nilifikiri ni mjukuu yangu."

Kisha akainama tena, akaendelea kuzoa chenga peke yake.

"Masikini bibi wa watu," alisema Prossy. Phiona alicheka. Kevina alitembea nao mpaka njia panda, lakini hakusikia neno lolote walilosema.

Nyanya alifika nyumbani jua likielekea kuzama. Kevina alijifanya anasoma. Alingoja kuitwa, alingoja kufokewa mbele ya baba. Badala yake nyanya aliketi karibu naye, akafungua pindo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na karanga za kukaanga.

"Mama Natale alinipa, yule muuza makaa," alisema. "Nikakuwekea wewe."

"Gunia lilikuwa zito, mama?" baba aliuliza wakati wa kula. "Nani alikusaidia kubeba?"

"Nyepesi tu," nyanya alijibu. "Kula, mwanangu, chakula itapoa."

Kevina alitafuna karanga moja moja. Afadhali angechapwa.

Siku zilizofuata nyanya alizidi kuchelewa kurudi, na mguu wake wa kushoto ulivimba. Kevina alipofua kitenge chake aliona pindo lote limejaa mbegu za kishonanguo. Alizitoa moja moja huku akishangaa. Njia ya kutoka sokoni ni barabara ya lami. Nyanya alipita wapi penye majani?

Alhamisi mama alimtuma kwa Mama Natale kununua makaa kidogo. Mama Natale alikuwa amekuja kutoka Sudan Kusini miaka mingi iliyopita, na alikuwa mwenye maneno machache. Alipima makaa bila kumtazama Kevina.

"Nyanya yako haonekani barabarani siku hizi," Kevina akamsikia akisema. "Anazunguka kule nyuma, njia ya majani ya bondeni. Nilimuuliza, mbona unajitesa na huo mguu? Akasema, watoto wa shule wanapita hapa, sitaki mjukuu wangu apate aibu." Alifunga mfuko. "Mimi nilikuwepo siku ile. Hata mtoto nisiyemjua hupiga magoti akinisalimu. Wewe ulisimama kama mti."

Kevina alichukua mfuko kwa mikono miwili.

Jioni ile nyanya alikuwa akikunja nguo zake. "Jumamosi nitapanda taksi kwenda Koboko," alimwambia mama. "Soka anakua vizuri. Sasa mnajua kazi ya jikoni, hamnihitaji."

"Mbona haraka hivyo, mama?" mama aliuliza. "Kuna mtu amekukosea?"

"Hapana. Nyote ni wazuri kwangu."

Kevina aligeukia ukuta. Alijua kwamba nyanya akiondoka Jumamosi, ataondoka akiamini mjukuu wake anamwonea haya. Na hatakuwa amekosea.

Ijumaa, wenzake walipotaka kushika barabara ya lami, Kevina alisimama.

"Ngojeni," alisema. "Nyumbani hatuna gesi. Yule mama wa siku ile ni nyanya yangu. Nilidanganya."

Phiona aliangua kicheko. "Na ule mtungi wa kijani?"

"Hakuna mtungi. Tunapikia madonge ya chenga."

"Kumbe mnapikia matope!"

"Ndiyo," alisema Kevina huku machozi yakimlengalenga. "Na yanaivisha."

Aligeuka, akaishika njia ya bondeni. Nyuma yake alisikia hatua. Prossy alikuwa akimfuata, na Phiona, asiyetaka kupitwa na jambo, alifuata pia.

Walimkuta nyanya katikati ya majani marefu, gunia kichwani, akichechemea. Alipoona sare za shule alishtuka. Upesi alitoka njiani, akasimama pembeni, akatazama chini kama mtu asiyewajua.

"Piteni, watoto," alisema. "Piteni tu."

Kevina hakupita. Alipiga magoti palepale kwenye majani, kama alivyofanya kila asubuhi mlangoni pa jiko.

"Nyanya, ni mimi Kevina. Ni mjukuu wako. Nisamehe."

Gunia lilitikisika kichwani pa nyanya. Kisha mkono wake mweusi kwa vumbi la makaa ukashuka, ukamgusa Kevina kichwani.

"Simama, mtoto yangu. Utachafua nguo ya shule."

"Acha ichafuke," alisema Kevina. Akalipokea gunia, akajitwika mwenyewe.

Prossy naye alipiga magoti kusalimu. "Nyanya, na mimi naomba unifundishe hayo madonge. Mama kila siku analia makaa, makaa." Phiona alisimama kidogo akichezea mkoba wake. Halafu akapiga magoti pia, bila kucheka.

Nyumbani wote wanne walitia mikono ndani ya beseni la chenga na udongo. Kevina aliwaeleza wazazi wake yote aliyofanya. Mama ndiye aliyechukua nguo za nyanya zilizokunjwa na kuzitundika tena ukutani, wala nyanya hakumzuia.

"Hizi chenga watu walikuwa wanakanyaga," nyanya alisema, akifinyanga donge. "Sisi tunapika nazo na watoto wanashiba. Hapo hakuna aibu. Kutumia vizuri kidogo ulicho nacho, hiyo ni akili. Aibu iko katika uongo, Kevina, kwa sababu uongo ulikufanya umwache mtu wako peke yake. Lakini umekuja mwenyewe kwenye majani kunitafuta. Basi, hiyo imekwisha."

Alimwangalia Phiona, ambaye donge lake lilikuwa likimegeka.

"Na wewe, mtoto wa gesi, ongeza uji kidogo. Likikauka hivyo litavunjika. Kuja kesho Jumamosi nikuonyeshe vizuri. Mimi niko."